SOMO LETU: SKRINI YA TAWI NA MTU WA MSTARI WA NYUMA

Ndugu wanachama, iwe wa chai ya Bushenyi na Kyenjojo, au wa miwa ya Busoga na Bunyoro,

Matawi kadhaa yameniuliza swali moja: fedha za tawi zimetosha kununua skrini kubwa ya kufundishia, je, tununue ya inchi ngapi, na hiyo inayoitwa 4K ina faida gani? Nilitaka kujibu kila tawi peke yake, lakini nimeona afadhali jambo hili liwe somo, maana kosa lake nimelifanya mimi mwenyewe, na hasara yake ilizidi bei ya skrini.

Mwaka 2022 tawi moja la wachumaji nililokuwa nikilihudumia lilinunua skrini ya inchi 43. Mimi ndiye niliyekwenda dukani pamoja na mweka hazina. Mwuzaji alituwashia picha ya samaki wa baharini. Tukasimama hatua moja mbele yake, tukaona hata magamba ya samaki, tukaridhika, tukalipa. Jumapili ikafika mkutano mkuu wa tawi, na jambo kubwa lilikuwa mapatano mapya na mwajiri. Katibu akaweka juu ya skrini jedwali lenye mistari 22. Zamani katibu yule yule alikuwa akisoma mapatano kwa sauti, neno kwa neno, na wazee wakimkatiza arudie. Siku ile hakusoma. Alisema, "Mnajionea wenyewe." Mikono ikanyoshwa, mapatano yakapita, watu wakapiga makofi.

Mstari wa 17 wa jedwali lile ulisema kwamba kipimo cha kazi ya siku kitaongezeka kilo 3 katika miezi ya majani mengi. Watu waliujua mstari huo baada ya miezi miwili, walipoambiwa na karani wa mizani. Mama mmoja wa mstari wa nyuma alinijia akaniambia hivi: "Ndugu, mimi nilinyosha mkono kwa sababu wa mbele walinyosha." Sikuwa na jibu. Nilichukua tepu ya kupimia nikarudi ukumbini peke yangu.

Basi nilichopima siku ile ndicho somo la leo.

Jambo la kwanza si skrini, ni umbali. Pima kutoka mahali skrini itakapowekwa mpaka kiti cha mstari wa mbele, halafu mpaka kiti cha mwisho nyuma. Kama hamna tepu, hatua ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja. Katika ukumbi wetu mstari wa mbele ulikuwa mita 2 na nusu, na wa mwisho mita 9. Hesabu hizo mbili ziandikeni kabla ya kuingia duka lolote, kwa maana mwuzaji hatawauliza. Yeye huwasimamisha hatua moja mbele ya kioo, na hatua moja mbele ya kioo kila skrini ni nzuri.

Jambo la pili ni jicho. Wengi wetu tumewahi kusimamishwa zahanati mbele ya bango lenye herufi kubwa juu, zikipungua mpaka ndogo kabisa chini. Bango la namna hiyo lilitengenezwa na daktari wa macho wa Uholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Husomwa kwa umbali wa mita 6, na mtu mwenye macho mazima huweza kutambua herufi yenye urefu wa karibu milimita 9 kwa umbali huo. Lakini kutambua si kusoma. Pale zahanati unakaza macho, unataja herufi moja moja, daktari anangoja. Mkutanoni mtu anataka kusoma mstari mzima upesi, huku mtoto akilia mgongoni na jirani akinong'ona. Kwa kazi hiyo herufi hapana budi iwe mara 3 na zaidi ya ile ya bango.

Kanuni ninayoitumia ni hii, nayo yatosha kuandikwa nyuma ya kadi yako ya uanachama: gawanya umbali kwa 200, utapata urefu wa herufi kubwa. Mita 2 zahitaji sentimita 1. Mita 6 zahitaji sentimita 3. Mita 9 za ukumbi wetu zahitaji sentimita 4 na nusu, karibu upana wa vidole vitatu vikiwa pamoja. Hapo ndipo jasho lilinitoka, kwa maana nilikuwa bado sijapima zile herufi za katibu.

Skrini hupimwa kwa mshazari, yaani toka pembe ya chini mpaka pembe ya juu ya upande wa pili, nayo hupimwa kwa inchi, na kila inchi ni sentimita 2.54. Kipimo hicho kinawapendeza wauzaji kwa kuwa ndicho kirefu kupita vyote. Lakini mistari ya maandishi haipangwi mshazari, hupangwa toka juu kwenda chini. Unachohitaji kujua ni kimo cha kioo. Skrini pana za siku hizi zina upana wa sehemu 16 kwa kimo cha sehemu 9, kwa hiyo kimo ni karibu nusu ya mshazari. Inchi 43 ina kimo cha sentimita 53 na nusu. Inchi 55 ina sentimita 68 na nusu. Inchi 65 ina sentimita 81.

Sasa tufanye hesabu ya ukumbi wetu. Mstari wa maandishi pamoja na nafasi yake huchukua karibu mara mbili ya urefu wa herufi. Kama herufi ni sentimita 4 na nusu, kila mstari utachukua sentimita 9. Skrini yetu ya sentimita 53 na nusu ilikuwa na nafasi ya mistari 5 tu kwa mtu wa nyuma. Katibu aliweka 22. Kila mstari ulipata sentimita 2 na nusu hivi, na herufi sentimita 1 na milimita 2. Zidisha kwa 200, utaona herufi zile zilikuwa za mtu aliyekaa mita 2 na sentimita 40. Mstari wa mbele ulikuwa mita 2 na nusu. Na mstari wa mbele, kama mjuavyo desturi yetu, ndipo inapokaa kamati.

Sisemi kwamba katibu alikusudia. Yeye alikuwa amesimama kando ya skrini, umbali wa mkono, akaona kila kitu ni wazi. Mimi pia nilikaa mbele. Waliohitaji kuyaona mapatano yale ndio waliokaa mahali yasipoonekana, na hakuna hata mmoja aliyesema "sioni", kwa kuwa mtu mzima hapendi kusema mbele ya watu kwamba haoni au hasomi.

Tunafika kwenye ile 4K. Skrini imetengenezwa kwa nukta ndogo ndogo za mwanga, ambazo mafundi huziita pikseli. Idadi ya nukta hizo, kwa upana na kwa kimo, ndiyo wanayoiita rezolusheni. Skrini ya kawaida ina nukta 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, jumla 2,073,600. Ile ya 4K ina 3840 kwa 2160, jumla 8,294,400, mara nne kamili. Ukisikia hesabu hiyo unafikiri kwamba mtu ataona mara nne. La hasha.

Wachumaji watanielewa upesi kuliko mafundi. Simama ndani ya shamba la chai, utaona kila shina peke yake, na mapengo mahali shina lilipokufa. Nenda ng'ambo ya bonde ulitazame shamba lile lile: ni zulia moja la kijani. Mashina hayakuongezeka, ni jicho lako lililofika mwisho wake. Kama mwenye shamba angepanda mashina mara nne kwa eka ile ile, mtu wa ng'ambo asingejua. Nukta za skrini ni mashina, na kiti chako ni ng'ambo ya bonde.

Mahali nukta zinapoungana na kuwa zulia panaweza kupimwa. Chukua upana wa nukta moja kwa milimita, zidisha kwa 3.4, utapata umbali kwa mita kwa mtu mwenye macho mazima. Skrini ya inchi 43 ina upana wa milimita 952. Gawanya kwa nukta 1920, kila nukta ni nusu ya milimita, na mwisho wa jicho ni mita 1 na sentimita 70. Ikiwa ni 4K, nukta ni robo ya milimita, na mwisho wa jicho ni sentimita 85. Mstari wetu wa mbele ulikuwa mita 2 na nusu. Basi nukta zaidi ya milioni sita tulizozilipia hazikuonwa na mwanachama hata mmoja tangu siku skrini ilipotundikwa. Zilionwa na mimi na mweka hazina, dukani.

Hata ya inchi 55 yenye nukta 1920 kwa 1080, nukta zake huungana kwa umbali wa mita 2 na sentimita 20. Kwa hiyo kwa ukumbi ambao mstari wa mbele uko mita 2 na nusu au zaidi, mkitoa fedha ya ziada, itoeni kwa ajili ya kimo cha kioo, msiitoe kwa wingi wa nukta. Nakiri kwamba siku hizi skrini nyingi kubwa madukani ni 4K mtake msitake. Ikiwa bei ni ile ile, chukueni, haidhuru kitu. Ninachokataa ni kupunguza inchi ili mpate 4K, kama tulivyofanya sisi.

Je, tungenunua ipi? Kwa mita 9 na jedwali la mistari 7, inchi 55 ingetosha. Kwa mistari 9, inchi 65. Kwa mistari 22 ingehitajika skrini yenye kimo cha mita 2, na hiyo haipo kwa mfuko wa tawi lolote ninalolijua. Maana yake ni kwamba hata skrini iliyo bora haimwokoi katibu mvivu. Jedwali la mistari 22 halina budi kukatwa vipande, mistari 5 au 7 kwa mara moja, na kila kipande kisomwe kwa sauti kabla ya kwenda kingine. Sisi baadaye tulifanya hivyo kwa skrini ile ile ya inchi 43, vipande vitano, na mtu wa nyuma akasoma. Haikutugharimu hata shilingi.

Wengine hupenda kuweka ukurasa mzima wa mapatano kama ulivyopigwa chapa. Nimepima na hilo. Ukurasa wa kawaida wa ofisi ukijazwa kwenye kimo cha inchi 55, herufi kubwa inafikia milimita 6 na nusu. Hiyo ni ya mtu aliye mita 1 na robo. Ukurasa ule ule ukiwa karatasi mkononi, kwa umbali wa sentimita 40, herufi inayohitajika ni milimita 2 tu, na chapa ya kawaida huzidi hapo. Kwa hiyo karatasi moja kwa kila watu watatu inaishinda skrini ya inchi 55. Na yule mzee wa zamani, karatasi ya manila na kalamu nene, herufi za sentimita 5, husomeka kwa mita 10, na umeme ukikatika hazimiki. Nawaomba matawi ambayo hayana fedha yasione haya.

Mambo machache ya kuweka skrini, kwa haraka. Msiielekeze mlangoni wala dirishani, kwa kuwa mwanga wa nje hugeuza kioo kuwa kioo cha kujitazama. Ukingo wa chini uwe juu ya vichwa vya waliokaa mbele. Viti vya pembeni kabisa visogezwe katikati, maana herufi ikitazamwa kwa upande huwa nyembamba. Projekta na shuka nyeupe hutoa picha kubwa kwa bei ndogo, lakini mikutano yetu ni ya mchana na kumbi zetu zina madirisha yasiyo na mapazia, na mwanga wa jua huifuta picha. Kwa mkutano wa jioni yafaa.

Ofisini hesabu inageuka, kwa kuwa mtu yuko karibu. Karani hukaa sentimita 60 au 70 kutoka kwenye monita, karibu urefu wa mkono ulionyoshwa. Kwa umbali huo nukta zina maana. Monita ya inchi 24 yenye nukta 1920 kwa 1080 ina nukta ya milimita 0.28, na yatosha kabisa kwa vitabu vya hesabu na barua. Ukichukua nukta hizo hizo ukazitandaza kwenye inchi 32, nukta inakuwa milimita 0.37, na mtu aliye karibu huona kingo za herufi zimekatika kama meno ya msumeno. Hapo tatizo ni kinyume cha lile la ukumbi: kioo kimezidi, nukta zimepungua. Inchi 27 nayo ikitakiwa, basi iwe na nukta 2560 kwa 1440.

Lakini hapa kuna mtego uliomnasa mweka hazina wetu. Alipewa kompyuta ya kubebeka ya inchi 15 na sehemu, yenye nukta 1920 kwa 1080. Nukta nyingi kwenye kioo kidogo, kila moja milimita 0.18. Herufi kubwa ambayo kompyuta huichora kwa nukta 10 hutoka na urefu wa milimita 1 na nane ya kumi. Hiyo ni herufi ya umbali wa sentimita 36. Basi mama yule alikuwa akiinama, shingo mbele kama mtu anayechungulia kisimani, na jioni akilalamika mabega. Tulidhani ni uzee. Wingi wa nukta kwenye kioo kile kile hufanya herufi ziwe ndogo, isipokuwa umeiamuru kompyuta izikuze. Katika mipangilio yake kuna mahali pa kukuza kila kitu kwa asilimia 125, 150 au zaidi. Tulipoweka 175 alirudi nyuma mwenyewe, akaegemea kiti.

Na uzee nao upo. Mtu akipita miaka 40 jicho hupoteza nguvu ya kuona vitu vya karibu. Mimi mwenyewe sasa nasoma gazeti kwa mkono ulionyoka, na bado kidogo mkono hautatosha. Kwa hiyo akina sisi tuongezewe, isiwe 200 bali tugawanye kwa 150.

Tawi lenye fedha kidogo lisidharau monita za mraba za zamani, za inchi 19, zinazouzwa zikiwa zimetumika. Kimo chake ni sentimita 30, sawa na kimo cha monita pana ya inchi 24, na barua ni kitu cha kimo. Nukta zake ni 1280 kwa 1024, za milimita 0.29. Angalieni tu kama waya wake unaingia kwenye kompyuta mliyo nayo.

Nimeacha viwanda mwisho, ingawa huko ndiko kanuni hii ilikolipa.

Katika kiwanda kimoja mwanachama aliyekuwa akitunza mashine ya kukaushia majani alipewa barua ya onyo, kwa kuwa joto lilipanda na chai ikaungua. Alisema hakuona. Msimamizi akajibu, "Skrini ilikuwa mbele yako." Mbele ya kamati ya nidhamu tuliomba jambo moja tu, twende pale mahali. Kazi yake ilimtaka asimame nyuma ya ukingo wa usalama. Tulipima toka ukingo mpaka skrini: mita 3. Tukapima tarakimu za joto: milimita 6, ndani ya mchoro mzuri wa mabomba yenye rangi nyingi. Mita 3 gawanya kwa 200 ni milimita 15. Tarakimu za milimita 6 ni za mtu aliye mita 1 na sentimita 20, na kufika hapo angelazimika kuuvuka ukingo, ambalo nalo ni kosa la nidhamu. Meneja aliitazama tepu kwa muda. Barua iliondolewa kwenye faili. Fundi alibadili mchoro, joto likaandikwa kwa tarakimu za sentimita 3, na skrini ikabaki ile ile ya inchi 19.

Ninyi mnaofanya kazi ya ulinzi wa kamera, pigeni hesabu hiyo hiyo. Skrini moja ikigawanywa picha 9, kila picha ina theluthi moja ya kimo. Kwenye inchi 24 hiyo ni sentimita 10. Mkiambiwa mtambue uso wa mtu kwenye sentimita 10 kutoka kiti kilicho mita 2, ombeni kioo kikubwa au kiti cha karibu, tena ombeni kwa maandishi, kabla hakijaibiwa kitu.

Na mizani ya majani. Hiyo nayo ni skrini, na kwa mchumaji ndiyo skrini kuliko zote. Tarakimu za milimita 14 husomeka kwa mita 2 na sentimita 80. Katika vituo vingi nilivyopita kioo kinamtazama karani, na mchumaji yuko upande wa pili, amepewa kamba asiivuke. UNBS, ofisi ya taifa ya viwango, hukagua mizani na kuitia alama, na alama hiyo yatuhakikishia kwamba mizani inapima sawa. Haituhakikishii kwamba karani ameandika kile alichokiona. Hilo linahakikishwa na macho ya mwenye majani. Kuna kioo cha pili ambacho huunganishwa na mizani kwa waya na kutazama upande wa foleni. Kamba ikiwa mita 4, tarakimu ziwe sentimita 2. Mkitaka na mtu wa nyuma kwenye foleni ashuhudie, mita 8, ziwe sentimita 4. Wekeni kipimo hicho ndani ya madai yenu kwa sentimita, kwa maana neno "ionekane vizuri" mwajiri atalitafsiri apendavyo.

Mtaulizwa, sheria gani inasema hivyo? Nchi za Ulaya zilizokuwa katika Jumuiya yao zilipitisha mwaka 1990 agizo kuhusu kazi za skrini: mfanyakazi apimwe macho, akihitaji miwani ya kazi hiyo asiilipie, na kazi yake ikatwe kwa mapumziko au kubadilishiwa shughuli. Hiyo ni ya kwao, si yetu, ila ni mfano wa kuweka mezani. Lililo karibu nasi zaidi ni Mkataba namba 155 wa ILO wa mwaka 1981, ambao unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Mwaka 2022 ILO iliweka usalama na afya kazini miongoni mwa haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama yapaswa kuziheshimu. Miwani ya karani na tarakimu za kikaushio zinaingia humo.

Kazi ya kikundi cha masomo kwa mwezi huu. Watu wawili wapime ukumbi wenu au mti mnaokutania chini yake, mita za mbele na za nyuma, na waandike herufi inayohitajika. Wawili waende kituo cha mizani na kiwandani na tepu, wapime tarakimu na mahali mtu anapotakiwa kusimama, wala wasibishane na yeyote, waandike tu. Katibu naye achukue mapatano yatakayosomwa mkutano ujao, ayakate vipande, na kabla watu hawajafika aende akakae kiti cha nyuma kabisa, ajaribu kuyasoma kutoka huko. Asipoweza, ana wiki nzima ya kuandika manila.